Bidon Kumi na Tano za Papa Marcellin

Jumanne tarehe 31 Desemba 2024, saa tatu asubuhi, Papa Marcellin Lutala, fundi wetu mkuu, ataweka funguo za chumba cha jenereta juu ya meza ya mkurugenzi na kuanza pumziko lake. Atakuwa ameitumikia Redio Umande ya Kasongo miaka ishirini na miwili na miezi minane, tangu tarehe 1 Mei 2002, siku redio yetu iliposikika kwa mara ya kwanza. Kati yetu sote tunaofanya kazi hapa leo, ni yeye peke yake aliyekuwapo siku hiyo.

Nimepewa heshima ya kuandika wasifu huu mimi Asma, mtangazaji wa kipindi cha "Salamu za Wapendwa". Kuna wanaosema nimechaguliwa kwa sababu siku hizi nafurahia kila kitu. Ni kweli. Niliolewa tarehe 14 ya mwezi huu, na tangu hapo hata jenereta nasikia inaimba. Lakini Papa Marcellin nilimpenda zamani, kabla hata ya kumjua mume wangu, na mtakaosoma hadi mwisho mtaona kwamba sikuongeza sukari mahali ilipokuwapo tayari.

Papa Marcellin alizaliwa mwaka 1960 katika familia ya wakulima, si mbali na mji. Tarumbeta alifundishwa akiwa kijana katika fanfare ya misheni, ile bendi ya tarumbeta na ngoma iliyokuwa ikitembea barabarani siku za sikukuu. Fanfare ilipotawanyika, yeye alibaki na tarumbeta yake, imefungwa waya mahali pawili, akaendelea kuipiga jioni nyumbani kwake. Kazi ya mikono alijifunza kwa kufungua redio mbovu za majirani na, kama anavyopenda kukiri, kwa kuziharibu zaidi mbili tatu za kwanza.

Redio Umande ilipoanzishwa aliajiriwa kama fundi, si kama mpiga tarumbeta. Asubuhi ile ya kwanza, saa kumi na moja na nusu, kila kitu kilikuwa tayari, ndipo mashine ya kaseti ikaumeza utepe wenye muziki wa kufungulia. Mkurugenzi wa wakati huo alishika kichwa. Papa Marcellin, ambaye nyumba yake iko mitaa miwili tu kutoka hapa, alikimbia, akarudi na tarumbeta, akasimama mbele ya mikro, kile kipaza sauti, na kupiga sauti kumi na moja alizozitunga njiani akikimbia. Ya mwisho ilikuwa ya juu, na aliivuta mpaka pumzi ikamwishia. Wasikilizaji walidhani ndivyo ilivyopangwa. Kesho yake mashine ilikuwa imepona na muziki ukapigwa, lakini mkurugenzi hakupita sokoni kwa amani. Kila meza waliuliza: "Ile tarumbeta iko wapi?"

Basi tangu siku hiyo, kila asubuhi, Papa Marcellin aliifungua redio kwa kinywa chake. Wanaume wanaotoka msikitini baada ya alfajiri walimkuta hewani wakifika mlangoni kwao. Mama mmoja wa mikate aliniambia kwamba sauti ya tisa ndiyo inayomwambia ageuze mikate. Mimi mwenyewe nilivaa sare ya shule ya msingi nikisikiliza sauti zile kumi na moja, na nikichelewa mama yangu hakusema saa ngapi. Alisema tu: "Tarumbeta imepita!"

Kuna kisa cha Salamabila ambacho wafanyakazi wapya wanapaswa kukijua. Mwaka 2014 alitumwa kule kukusanya barua za wasikilizaji, na mvua ikamzuia kurudi. Asubuhi simu ilipata mtandao juu ya kilima kimoja tu, karibu na kituo cha motari, yaani madereva wa pikipiki. Papa Marcellin alisimama juu ya kiti cha pikipiki, simu ikashikwa mbele yake, na studio wakaweka simu yao mbele ya mikro. Alipoanza kupiga, motari wote walizima injini, wakavua kofia na kujipanga mistari miwili, wakiamini kwamba mkubwa fulani anafika. Walingoja nusu saa. Papa Marcellin anasema hakuwaambia kitu kwa sababu hakutaka kuwavunja moyo.

Kama fundi, ametuachia mengi. Yeye ndiye aliyeweka mabamba ya jua mwaka 2016, tukaacha kuzima redio kila mafuta yanapokatika njiani. Upepo ulipopinda mlingoti wa antena mwaka 2019, alipanda mwenyewe akiwa na miaka hamsini na tisa, na alipoteremka alimwambia mkurugenzi kwamba kutoka juu anaona mashamba, na kwamba mihogo ya mkurugenzi inahitaji palizi. Amefundisha mafundi watatu. Wote watatu wanazungumza na jenereta kama yeye, kwa upole, na jenereta inawasikia.

Lakini leo nataka hasa kusimulia mwaka huu wake wa mwisho, kwa sababu ni mwaka aliotufundisha kazi kuliko miaka yote ishirini na mmoja iliyotangulia.

Mwezi wa Novemba 2023 alikuwa akirudi kutoka Wamaza na vifaa vya kurekodi. Pikipiki iliteleza kwenye daraja la magogo, na usukani ukampiga kinywani. Mikono yake na vifaa vyote vilisalimika. Meno mawili ya mbele ya juu yalitoka, na mdomo wa juu ulipasuka upande wa kushoto ukashonwa nyuzi nane. Saa yake ya mkono ilivunjika pia, naitaja kwa sababu itatuhusu mbele. Alipelekwa Kindu kuwekewa meno ya bandia, akarudi akitabasamu kwa uangalifu. Wiki zile zote redio ilifunguliwa kwa salamu tu.

Tarehe 15 Januari alijaribu kufungua redio. Sote tulikuwapo. Alikaza tarumbeta mdomoni kwa nguvu ili kufidia kile kilichopotea, akapiga sauti nne, na kovu likafunguka. Damu ilidondoka kwenye shati jeupe. Serge, mkurugenzi wetu, alimfuta yeye mwenyewe, kisha akachomeka ufunguo wa USB wenye rekodi ya tarumbeta ya mwaka 2019.

"Papa, tuendelee na hii," alisema. "Hakuna mutu atajua."

Serge ni mtu mwema na alisema hivyo kwa huruma. Alikosea jambo moja dogo. Siku ile ya 2019 jogoo wa jirani aliwika baada ya sauti ya tatu, na rekodi ilimchukua pamoja na tarumbeta. Tukaanza kumpeleka hewani kila asubuhi, jogoo yule yule, mahali pale pale.

Baada ya wiki tatu simu ililia kutoka Wamaza. Alikuwa Mzee Mahamudu, mkulima, msikilizaji wetu wa miaka mingi. Hakutoa salamu ndefu.

"Hii jogoo gani inalia kila siku pahali pamoja? Hata kuku iko na siku yake ya kuchelewa. Semeni tu kweli. Marcellin alikufa?"

Tulimwambia hapana, lakini habari ilikuwa imetembea haraka kuliko simu. Jumamosi iliyofuata, mama wawili walifika kwa miguu nyumbani kwa Papa Marcellin, unga wa mihogo kichwani, kuku mkononi, wakianza kulia tangu kwenye kona ya mtaa. Walimkuta marehemu uani akila ugali. Mama Mathilde, mke wake, aliwapokea, akawapa maji, na kwa kuwa kuku alikuwa amekwisha kufika, alipikwa. Wote wanne walikula matanga ya mwenye nyumba wakicheka. Papa Marcellin alicheka pia, mpaka wageni walipoondoka. Kisha akamwambia mke wake: "Miye sitatoka ku kazi watu wakisikia miye ya zamani. Nitafungua ile redio na kinywa yangu, hata siku moja."

Mama Mathilde alimjibu neno ambalo nimelihifadhi moyoni kama hirizi: "Ile ya USB haikosee, mzee wangu. Lakini haipumue."

Tarehe ya kustaafu ilikwisha kuandikwa. Ilibaki miezi kumi na kidogo. Jumatatu tarehe 4 Machi, saa tisa alasiri, baada ya kazi, aliingia nyuma ya chumba cha jenereta na kuanza upya kama mtoto wa fanfare.

Wiki za kwanza hakugusa hata tarumbeta nzima. Alichukua kile kipande kidogo cha kuwekea midomo, akavumisha hewa ndani yake kama nyuki kwenye kopo. Hewa ilimtoroka upande wa kushoto, penye kovu. Alihamisha kipande kuelekea kulia, upana wa punje ya mchele tu, na upana huo ulimchukua siku kumi na saba. Kisha akaanza sauti ndefu, za chini, za polepole, zisizomfurahisha mtu yeyote. Na kwa sababu mikono yake ilikuwa na tabia ya miaka arobaini ya kukaza chombo mdomoni, aliinyang'anya kazi hiyo. Alifunga tarumbeta kwa kamba kwenye boriti, ikaning'inia hewani, akapiga mikono ikiwa mgongoni. Ukikaza, chombo kinakukimbia. Ukilegeza, kinalia.

Serge alimkuta hivyo siku moja. "Papa Marcellin! Unaibusu kama bwana harusi yenye haya?"

"Ndiyo," alijibu. "Zamani nilikuwa naibusu kama mulevi."

Mimi wakati huo nilikuwa nimechumbiwa, na sikucheka. Niliona mwanaume anayejifunza kugusa kwa upole kitu anachokipenda, nikaomba Mungu mchumba wangu awe wa namna hiyo. (Ndivyo alivyo. Anaitwa Iliasi.)

Sasa nifike kwenye bidon. Nyuma ya ukuta wa chumba cha jenereta kuna robine ya mtaa, bomba ambapo akina mama huja kujaza bidon zao, madumu ya lita ishirini. Mlinzi wa robine ni Mama Binti, mwanamke mwenye sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Papa Marcellin hakuwa na saa tena, na saa ya simu aliikataa. Alisema ukitazama dakika, midomo inakaza. Akapatana na Mama Binti hivi: bidon ikijaa, Mama Binti anaipiga kofi moja ubavuni, na bidon iliyojaa ina mlio wake mzito usiofanana na kitu kingine. Papa Marcellin anapiga tarumbeta mpaka asikie kofi. Kisha anapumzika bidon nzima, mpaka kofi lingine. Kupiga bidon moja, kupumzika bidon moja. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yake, na hakuivunja hata siku moja, hata siku midomo ilipokuwa na hamu.

Siku ya kwanza alishindwa kumaliza nusu bidon. Katikati ya Aprili alipiga mbili. Mwisho wa Mei, sita. Akina mama wa robine walikuwa wakali kuliko mwalimu yeyote. Hakuweza kutoka getini bila kuulizwa.

"Papa Marcellin, leo uko bidon ngapi?"

"Sita, mama zangu."

"Na kesho?"

"Kesho Mungu anajua."

"Mungu anajua, na weye ujue pia!"

Jioni Mama Mathilde alimpaka kovu mafuta ya mawese ya vuguvugu kwa ncha ya kidole. Nilimwona siku moja nilipopeleka dawa. Alimpaka akiwa anazungumza habari za bei ya samaki, bila hata kutazama, kwa sababu kidole chake kilikwisha kujua njia. Nilirudi nyumbani nikilia kwa furaha, na mama yangu akadhani nimegombana na mchumba.

Juni akapiga sita. Julai, sita. Siku nyingine tano, na midomo ikitetemeka. Kila Jumatatu alijaribu kuongeza ya saba, na kila Jumatatu midomo ilikataa. Tuliona. Aliacha kupiga mluzi akikagua nyaya. Wiki ya pili ya Agosti alifungua kamba kwenye boriti, akaikunja, akaifunga tarumbeta katika kitambaa chake, na akazunguka ukuta kwenda kumshukuru Mama Binti. Nilikuwa kwenye foleni na bidon yangu, kwa hiyo hii niliisikia kwa masikio yangu.

"Mama Binti, kesho usinipigie bidon tena."

"Sababu gani?"

"Miezi mbili niko sita. Nimefika mwisho yangu. Umri iko umri."

Mama Binti alimtazama. Akatazama robine. Maji yalikuwa yakishuka kama uzi, kwa maana ilikuwa katikati ya kiangazi. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka kilemba kikamwangukia mabegani.

"Papa! Weye fundi wa moteri, unapima na kamba yenye kuvutika? Mwezi wa ine, bidon ilikuwa inajaa nikiimba kasida moja. Leo naimba mbili na nusu, na bado namungoja! Haiko weye unapunguka. Ni maji!"

Ndugu zangu, sote tulijua maji yamepungua. Tulilalamika kila siku, tulipanga foleni tangu alfajiri, tuligombana kwenye foleni hiyo. Mimi nilitangaza habari ya maji hewani mara mbili! Na hakuna hata mmoja wetu, mafundi, watangazaji, mkurugenzi mwenye diploma, aliyefikiri kwamba robine iliyopunguza maji yetu ilikuwa ikirefusha bidon ya Papa Marcellin kila wiki, kidogo kidogo, naye akiifuata bila kujua.

Serge aliitwa. Alisimama kwenye tope la robine na simu mkononi, Mama Binti akaimba kasida yake, akina mama wakaitikia kwa madaha kama wako harusini. Dakika mbili kamili. Kisha bidon tupu ikawekwa chini ya robine. Dakika tano. Serge alipiga hesabu, akairudia, akasema kwa sauti ndogo: "Papa, sita yako ya leo ni kumi na tano ya mwezi wa ine."

Papa Marcellin aligusa kovu lake. Halafu akafungua kitambaa, akarudi nyuma ya ukuta, na tukamsikia akifunga tena kamba kwenye boriti.

Mvua zilirudi Septemba, robine ikapata nguvu, na bidon zikarudi kujaa kwa kasida moja. Alasiri moja foleni nzima ilihesabu kwa sauti kila kofi la zamu yake ya kupiga: saba, nane, tisa. Kufika kumi na mbili watu walitoka madukani. Kumi na tano ilipogongwa, makofi ya bidon yalilia kila upande, zilizojaa na tupu pamoja, na mzee mzima wa miaka sitini na minne akatokeza kichwa juu ya ukuta na kuuliza: "Nani amekufa tena?"

Jumatatu tarehe 7 Oktoba, saa kumi na moja na nusu asubuhi, aliingia studio. Nilikuwa zamu, nimeketi upande wa kulia wa mikro. Serge aliketi kwenye meza ya sauti, ufunguo wa USB ukiwa umechomekwa, kidole juu ya kitufe, ili kama mambo yakienda vibaya afunike haraka. Papa Marcellin alikiona kidole kile. Hakusema akitoe.

Sauti ya kwanza ilitoka safi, ndogo kuliko zamani, ya mviringo. Ya pili ilipasuka. Ilipasuka wazi kabisa, hewani, mbele ya Kasongo yote na Kabambare, na nilimwona Serge akikishusha kidole. Papa Marcellin alivuta hewa kwa pua, na yale mabega ambayo zamani yangepanda hadi masikioni yalibaki chini. Hakukaza. Aliingia sauti ya tatu kana kwamba ya pili ilikuwa ya mtu mwingine, akapita ya nne, ile iliyomtoa damu Januari, akapita ya tisa, na mahali fulani mjini mikate ikageuzwa. Ya kumi na moja aliipanda taratibu, akaivuta. Ikawa ndefu. Ikazidi kuwa ndefu. Serge aliinua kidole, akachomoa ufunguo, akauweka mfukoni. Sauti ilikuwa bado inaendelea.

Iliponyamaza nilitakiwa kusema "Habari za asubuhi, wasikilizaji". Sikuweza. Nilikuwa nalia. Redio Umande ilikaa kimya hewani, jambo ambalo katika kazi yetu ni kosa, na Serge amenisamehe.

Papa Marcellin alishusha tarumbeta. "Ile ya pili imepasuka," alisema, kwa aibu.

Wakati huo simu ya studio ililia. Wamaza. Mzee Mahamudu alikuwa akipiga kelele, na nyuma yake tulisikia watu wengine wengi.

"Iko muzima! Marcellin iko muzima! Ile ya pili imepasuka, tumesikia wote! Na jogoo hayuko!"

Nimefanya kazi hapa miaka mitatu, nimesoma hewani maelfu ya salamu za mapenzi, lakini sijawahi kusikia watu wakishangilia hivyo kosa la mtu mmoja.

Tangu siku hiyo hajakosa hata asubuhi moja. Na kwa kuwa nimeahidi kuwa mkweli, nikiri kwamba nilimwomba pia kitu changu binafsi. Tarehe 14 Desemba alitangulia msafara wa harusi yetu kutoka nyumba ya baba yangu hadi kwa Iliasi, kwa miguu, maana barabara ilikuwa tope na gari halikupita. Alipiga. Kisha akasimama, na msafara wote, mashangazi, matarumbeta ya plastiki ya watoto, sinia za pilau, ukasimama nyuma yake. Iliasi alinong'ona: "Papa, tunangoja nini?" Akajibiwa: "Bidon." Mama Binti, aliyekuwa ubavuni kwake na nguo mpya, aliimba kasida nzima kwa utulivu, akajipiga kofi pajani, na tukaendelea. Tulifika tumechelewa saa nzima. Sijawahi kutembea polepole hivyo kuelekea furaha yangu, na nakushauri, wewe unayesoma na bado hujaoa au hujaolewa, utembee vivyo hivyo.

Asubuhi ya Jumanne ataifungua redio kwa mara ya mwisho. Baada yake, kwa ombi lake mwenyewe, ufunguo wa USB hautarudi kwenye mashine. Amempelekea Mama Mathilde, ambaye ameuweka ndani ya kikombe kabatini na kusema hana haja nao, anaye mwenye kupumua. Kuanzia tarehe 1 Januari, saa kumi na moja na nusu, Serge atavuta waya wa mikro hadi kwenye robine, na Redio Umande itafunguliwa kwa kofi la Mama Binti juu ya bidon iliyojaa. Siku maji yatakapokuwa machache tutachelewa kidogo, na wasikilizaji watajua kwamba tuko wazima.

Kwa niaba ya mkurugenzi, watangazaji na mafundi watatu uliowalea, na kwa niaba ya foleni yote ya robine, asante, Papa Marcellin. Asante kwa mabamba ya jua, kwa mlingoti, kwa motari wa Salamabila, kwa shati lile jeupe na kwa sauti ya pili. Mama Mathilde, asante kwa kidole chako.

Wewe ndiye uliyetupa sheria, nasi tunakurudishia: muda uliopiga ndio muda wa kupumzika. Umepiga miaka ishirini na miwili na miezi minane. Nenda basi ukapumzike miaka ishirini na miwili na miezi minane iliyojaa hadi shingoni, pamoja na mama yetu, kwa afya na kwa amani. Kofi likilia, rudi. Tutakuwa tumekushikia nafasi kwenye foleni.